Inacheza, Fundi

Mwanangu Nekesa,

Mama yako amekupeleka Kawangware ukamuage shangazi yako, na najua hamtarudi upesi, kwa sababu shangazi yako hamwachi mtu aondoke nyumbani kwake bila kula. Nimebaki peke yangu. Sanduku lako limefungwa kamba, liko karibu na mlango, na jirani wa ukuta wa pili anakaanga omena. Mambo ya blanketi na sabuni, na namna ya kukaa na wasichana wenzako bwenini, umekwisha kuelezwa mpaka nimekuona ukipiga miayo. Sitayarudia.

Nataka kutumia karatasi hii kwa swali uliloniuliza juzi nikiwa nanawa. Ulisema, "Baba, mtu akikuletea kitu kigonjwa na hujui kinaumwa nini, unaanzia wapi?" Nikakujibu, "Unaanzia mwanzo." Hilo ni jibu la mtu mwenye sabuni machoni. Tangu siku hiyo swali lako limenikalia, maana ni swali zuri, na aliyeliuliza anakwenda kusomea uuguzi, kazi ambayo mimi siijui na sitajifanya naijua. Ninachokijua ni mashine. Kwa hiyo nitakusimulia habari za trekta ya Mama Njeri, ile nyekundu iliyofifia rangi, iliyosimama mbele ya karakana yangu ya Kawangware ulipokuwa darasa la pili. Uliipanda ukakaa kwenye kiti chake ukakataa kushuka. Hukujua kwamba siku zile kazi ya mtu, na chumba alicholala na mkewe, vilikuwa vinangoja neno langu.

Unakwenda upande wa Kitale, nilikozaliwa, na ambako sina hata mti mmoja wa kukuonyesha niseme ule ni wetu. Babu yako alikuwa kibarua kwenye shamba la Mzungu. Tulizaliwa humo na kila bonde tukalipa jina. Uhuru ulipokuja, Mzungu akauza akaenda zake, shamba likakatwa vipande, na sisi hatukuwa miongoni mwa waliopewa. Sikuelezi haya ili uende na uchungu. Uchungu ni wangu, na kwa kukaa nao muda mrefu umekuwa mwepesi. Nakueleza ili ujue nilitoka kule na nini: nilijua kupaka trekta grisi na kusikiliza injini, na nilikuwa na kitabu cha ufundi cha Kiingereza, hakina jalada, kilichotupwa stoo. Nimekisoma kuliko kitabu chochote isipokuwa Biblia. Ndani yake kuna sura nzima juu ya mashine zinazotetemeka, nayo inaanza kwa kusema kwamba kabla hujashika spana, ujiulize kwanza: mtetemo unafuata injini, au unafuata magurudumu? Maneno hayo niliyapigia mstari. Mstari upo hata leo. Sasa utaona ulivyonifaa.

Mama Njeri alikuwa mjane wa pale Kawangware. Mumewe alinunua trekta ile kuukuu kutoka kwa mkulima wa Kizungu aliyekuwa akihama, na alipofariki ikawa ndiyo inayolisha nyumba. Mvua zikikaribia ililima mashamba ya Dagoretti na vile vishamba vya Silanga kando ya bwawa. Wakati wa kiangazi ilivuta trela la mawe ya kujengea. Mama Njeri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiwa na kitu kimoja.

Dereva wake aliitwa Ochieng', kijana mrefu wa kutoka ziwani, mpole. Alikaa kwenye chumba cha nyuma uani kwa Mama Njeri. Kazi na chumba vilikwenda pamoja: ukipoteza kimoja umepoteza na kingine. Mkewe alikuwa amefika karibuni tu kutoka Siaya, na mtoto mchanga mgongoni.

Walikuja wote wawili karakana, Mama Njeri mbele.

"Inacheza, fundi," Ochieng' akaniambia.

"Inacheza wapi?"

"Yote. Ikiingia barabara, inacheza tu."

"Anaikimbiza," Mama Njeri akasema. "Anafikiri ni basi ya Kisumu."

"Mama, hii kitu haiwezi kushinda hata punda. Nitaikimbiza namna gani?"

"Umesikia vile ananijibu? Baba Nekesa, mimi nataka kujua. Kama ni uzee, Mungu ndiye anajua uzee. Lakini kama ni mkono wa huyu ndio unaniharibia, siwezi kulisha mtu wa kunivunjia."

Sasa nikueleze neno hilo, kwa sababu habari yote imekaa juu yake. Karakana, kitu kikicheza maana yake kimelegea. Beringi ikiisha, gurudumu linacheza. Usukani ukiwa mzee, unacheza. Hata jino la mzee linacheza. Fundi yeyote wa Nairobi atakwambia hivyo, awe wa Kibera au wa Gikomba. Kwa hiyo Ochieng' aliposema neno lile moja, mimi nilikwisha kujua la kufanya hata kabla hajafunga mdomo. Hapo ndipo nilipokosea, Nekesa. Nilielewa upesi mno.

Nikainua mguu wa mbele kwa jeki. Mguu ndivyo tunavyoliita gurudumu sisi mafundi. Nikaushika juu na chini, nikautikisa. Ukacheza. Nilifurahi kama mtu aliyekamata mwizi kwa kola. Sikujiuliza hata kidogo: trekta iliyolima kwa miaka mingi kuliko umri wa dereva wake, mguu wake utakosaje kucheza? Tukabadilisha beringi. Tukaizungusha pale uwanjani, ikaenda kimya kama ng'ombe aliyeshiba. Mama Njeri akanishukuru mbele za watu.

Kesho yake Ochieng' akarudi. Akasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba.

"Bado inacheza."

"Haiwezekani."

"Hata leo imezidi. Nilikuwa nimefurahi, nikaongeza mwendo kidogo."

Alisema hivyo, nikaongeza mwendo, na maneno hayo yalinipita kama upepo wa barabarani. Nilikuwa nimekwisha kuingia chini ya trekta, natafuta kitu kingine kilicholegea. Na nikakipata. Fimbo ya usukani ilikuwa inacheza, nikaikaza. Ikarudi. Nikafungua upande wa injini, nikakuta kimoja cha vile vipande vya mpira vinavyoibeba kimepasuka. Nikakibadilisha. Nikasafisha nozeli, nikakaza feni. Kila nilipofungua nilikuta kosa, na kila kosa lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililonipumbaza. Usidhani ukikuta ubovu umekuta chanzo. Mimi nilidhani hivyo, na nilikuwa mtu mzima mwenye kitabu.

Mama Njeri alikuwa wa kwanza kuona kwamba nimepotea.

"Baba Nekesa, kila ukifungua unapata. Utapata mpaka lini?"

"Mpaka iache kutetemeka."

"Hata mimi ukinifungua utapata."

Niliinama kuficha kicheko, lakini yeye hakuwa anacheka. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa Ngong, na watu wa Silanga walikuwa wanatuma ujumbe kuuliza jembe litafika lini. Akaniambia, Ochieng' amesimama palepale anasikia, "Jumamosi nataka neno moja kutoka kwako. Ni uzee, ama ni mkono wa huyu. Kama ni mkono, atoe vitu vyake kwa nyumba yangu."

Jioni ile nikarudi Kibera kwa miguu kama kawaida, na njia nzima nikawa nafikiri. Nitakwambia kilichokuwa kichwani mwangu, maana ndicho kilichonifanya nikuandikie. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni mkono wa Ochieng'. Sikuwa na dalili hata moja. Nilikuwa nimemaliza vyuma vya kushuku, na aliyemaliza vyuma hugeukia watu.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameketi nje ya karakana juu ya tairi kuukuu, ananingoja. Nikakaa karibu naye. Sikuuliza kwa ujuzi wowote. Niliuliza kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikutaka kuingia chini ya trekta tena.

"Hebu niambie upya. Inachezaje?"

"Inacheza, fundi. Kama mtu anacheza."

"Mtu anacheza nini? Kandanda?"

"Aka. Ngoma."

Nikamtazama. Akanitazama, anashangaa kwamba nashangaa. Siku zote zile, Nekesa, mimi nilikuwa nasikia kulegea na yeye alikuwa anasema kucheza ngoma. Kiswahili alijifunza shuleni kwao, na kule kucheza ni kile watu wanachofanya kwenye sherehe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba huku kwetu chuma kikicheza kimelegea. Na mimi sikuwa nimemuuliza.

"Nionyeshe," nikasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Vile inacheza. Simama ucheze."

Akaangalia upande ule wanakokaa akina mama wa sukuma wiki. "Hapa?"

"Hapa."

Akasimama. Mwanzoni alijitikisa kidogo tu, kama mtu aliyeumwa na siafu. Mama mmoja akamwona. "Ochieng', leo ni harusi ya nani?" Mwingine akasema, "Cheza vizuri, omera, usituaibishe," akimwita ndugu kwa Kijaluo, ilhali mama mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Wakaanza kumpigia makofi. Nadhani makofi ndiyo yaliyomsaidia, kwa sababu alifumba macho akaacha kunichezea mimi, akaicheza trekta.

Mabega yake yalitulia. Hakutetemeka. Aliinuka na kushuka, akainuka na kushuka, mzito, kwa mpigo ule ule, na kila alipoteremka aliteremkia upande mmoja, upande wa kulia, goti likikunjika na nyonga ikianguka. Kisha akaongeza kasi, na mpigo nao ukaongezeka, bila kupotea.

"Ikienda pole pole haionekani," akasema, macho bado yamefumbwa. "Nikiongeza mwendo, inaanza. Nikiongeza zaidi, inataka kunirusha kwa kiti."

Sijui kama nitaweza kukueleza furaha niliyoipata. Kitu kilicholegea hakichezi ngoma. Kilicholegea hugongagonga, leo hivi kesho vile, hakina mpango. Hiki kilikuwa na mpango. Kilihesabu. Na kitu gani kwenye trekta huzunguka polepole hivyo, kizito hivyo, kila mzunguko mara moja, upande wa kulia? Nilitamani hata kumkumbatia, ila akina mama walikuwa wanatazama.

Tukaitoa trekta hadi barabara ya Naivasha. Ochieng' aliendesha, mimi nimekaa juu ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, nimeshika kwa mikono miwili. Ilipochukua mwendo, ikaanza, na ilikuwa vilevile alivyoicheza. Nikamwambia abadilishe gia lakini mwendo abaki nao uleule. Sauti ya injini ikashuka. Ngoma haikushuka. Kwenye mteremko nikamwambia akanyage klachi, trekta iteremke kwa uzito wake. Injini ikabaki inanguruma peke yake, haivuti kitu, na sisi tukaendelea kurushwa, juu, chini, juu, chini.

Basi haikuwa injini. Ilifuata magurudumu. Swali lile la kitabu changu, nililolipigia mstari kwa rula, lilikuwa limejibiwa kwa muda mfupi kuliko wa kuvuta sigara, na mimi nilikuwa nimefungua nusu ya trekta bila kuliuliza.

Tuliporudi nikainua mguu mkubwa wa nyuma, wa kulia. Nikachomeka kijiti ardhini karibu na tairi, tukausukuma mguu uzunguke polepole. Mahali pamoja tairi iligusa kijiti. Ilipozunguka nusu, ikaacha nafasi ya kupitisha vidole. Nikainama nikaangalia pale tairi inapoingia kwenye rimu. Pana mstari mwembamba ulioinuka kidogo, unaoizunguka tairi yote, na unatakiwa uonekane sawasawa pande zote. Huu ulionekana vizuri upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa umezama ndani ya rimu. Tairi ilikuwa imevalishwa upande, kama kofia ya mlevi.

Tairi haijivui yenyewe.

"Ochieng', huu mguu ulitolewa lini?"

Akashika kijiti, akakichomoa ardhini, akaanza kukimenya gamba.

"Wacha tu, fundi."

"Siwezi kuacha. Nimeshaiona."

Ndipo akanieleza. Alipokuwa akilima Silanga, mguu ulikanyaga chuma kilichokuwa kimefukiwa, ukapata pancha. Dereva aliyemtangulia alifutwa kazi kwa ajili ya pancha, na kila mtu uani kwa Mama Njeri aliijua habari hiyo. Kwa hiyo Ochieng' akaipeleka tairi kituo cha basi cha Kawangware 46, kwa fundi wa pancha aitwaye Kariuki, akalipa kutoka mfukoni mwake, akanyamaza.

Tulikwenda kwa Kariuki. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa.

"Hiyo mpira nakumbuka," akasema. "Hiyo ilikuwa imejaa maji."

"Na ukayafanya nini?"

"Nikamwaga. Ningefanya nini? Mpira ni ya hewa, mzee. Maji ni ya ng'ombe."

"Yale maji yaliwekwa makusudi. Yanaupa mguu uzito, usiteleze shambani."

Kariuki akanitazama kama mtu anayehurumia mgonjwa. "Nani ataficha maji kwa mpira, na sisi hapa tunanunua kwa debe?"

Akatusimulia ilivyokuwa. Alipofungua ile valvu maji yalitoka kama bomba la serikali. Akina mama wakayaona, wakakimbia na makarai na masufuria, foleni ikajipanga. Kulikuwa hata na ugomvi. "Yalikuwa na harufu kidogo," akasema, "lakini nguo zilitoka safi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzungu aliyejaza maji yale alikuwa na kisima na mto. Hakufikiri kwamba siku moja tairi yake ingepasuliwa mahali ambapo maji ni mali.

Kariuki aliziba tundu vizuri, hilo simlaumu. Lakini pampu yake ilikuwa ya mkono, ya tairi za magari madogo, haikuwa na nguvu ya kuusukuma ukingo wa tairi kubwa hivyo ukae sawa kwenye rimu. Mguu ukarudi umepinda, tena umepoteza uzito wake. Tukautoa, tukaupaka sabuni ya kufulia ukingoni, tukautafutia pampu kubwa, ukaruka ukakaa mahali pake kwa mshindo uliowatawanya kuku. Maji tukayarudisha, ya bwawa. Tukaenda tena barabarani. Trekta ikatembea kama imeokoka.

Ningeweza kuishia hapo. Mafundi huishia hapo. Lakini Jumamosi ilikuwa mbele yetu, na huko nilifika mahali ambapo kitabu changu hakina sura.

"Fundi," Ochieng' akaniambia, "sema ilikuwa beringi. Ulibadilisha beringi. Trekta imepona. Nani ataumia?"

Lilikuwa ombi la mtu mwenye akili, na nililipima. Nilimtafuta atakayeumia, sikumpata upesi.

"Mimi nitasema mguu ulivalishwa vibaya," nikamjibu, "kwa sababu ndicho nilichokiona. Kwa nini ulivuliwa, hilo si langu. Ni lako wewe kumwambia."

"Atanifuta."

"Huenda."

"Na mtoto?"

Nilimwambia tu kwamba nitakuwepo.

Jumamosi tulimkuta Mama Njeri uani, ameketi kwenye kibao, anamenya waru. Mke wa Ochieng' alikuwa mlangoni pa chumba chao, anaanika nepi ambazo zilikuwa zimekwisha kukauka. Nikasema langu. Mama Njeri akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Na nani aliutoa?"

Nikamwangalia Ochieng'. Kisu kilikuwa kinapita kwenye kiazi.

"Ni mimi, Mama," Ochieng' akasema. "Ilipata pancha Silanga. Nikapeleka kwa Kariuki."

"Lini?"

"Kabla ya haya maneno yote."

"Na hukuniambia."

"Ungenifuta."

Akamaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitumbukiza kwenye maji, akachukua kingine. "Ndio," akasema. "Ningekufuta."

Mkewe aliacha nepi.

"Kwa hivyo wewe umelipa pancha na pesa yako," Mama Njeri akasema, "mimi nikalipa beringi, Baba Nekesa akafungua injini mzima, shamba za watu zikalala, na hii yote ni kwa sababu mimi nina mdomo."

"Sikusema hivyo, Mama."

"Mimi ndio nasema." Akamgeukia yule msichana pale mlangoni. "Wewe, wacha kuanika nguo kavu. Leta huyo mtoto nishike." Na alipokwisha kumpakata, akasema bila kumtazama Ochieng', "Jumatatu watu wa Silanga wanangoja. Na ikitoboka tena, hata kama ni mara mbili kwa siku, unakuja kwangu kabla ya Kariuki."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Kama umeniuliza unaanzia wapi, siwezi kusema nina jibu lililonyooka. Huko uendako watakujia watu wanaosema maumivu yao kwa Kibukusu, kwa Kiteso, kwa Kiswahili cha kuokota njiani. Mmoja atakwambia moyo unamuuma, na mkono wake umeshika tumbo. Mwingine atasema amechoka, na atakuwa na maana ambayo mimi siwezi hata kuikisia. Nina hamu kubwa ya kujua utafanyaje. Niandikie maneno watakayoyatumia, yale yatakayokushangaza, nami nitayasoma kama nisomavyo gazeti, hadi matangazo.

Kuna jambo moja limebaki, na nimelizunguka kurasa zote hizi. Mama yako ameniambia kwamba shule ile ya uuguzi ilikukataa mwaka jana, kabla ya kukukubali mwaka huu, na kwamba kila nilipokuuliza habari zake ukanijibu posta inachelewa, ulikuwa umekwisha kujua. Ulikaa na jambo hilo miezi yote ile, ukipika, ukicheka, ukienda kanisani, nami sikuona.

Sikukasirika. Nilitaka kujua sababu, na safari hii nilijaribu kuanza na lile swali la kitabu. Je, linafuata injini? Lakini wewe si mwongo. Ulipovunja taa ya jirani ulikwenda kumwambia mwenyewe. Mama yako ulimwambia yote siku ileile. Unanificha mimi peke yangu, tena mambo ya kushindwa tu. Basi halikuwa ndani yako. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikipokea ripoti zako za shule: sikuuliza umesoma nini, niliuliza umekuwa wa ngapi, na kama nambari haikunipendeza nilikunja karatasi nikatoka nje. Sikuwahi kukupiga. Nilidhani hilo latosha. Mama Njeri aliujua mdomo wake kwa muda wa kumenya kiazi kimoja. Mimi imenichukua mpaka leo, na sanduku lako liko mlangoni.

Utapata pancha huko, mwanangu. Mitihani itakushinda mingine, na siku moja huenda ukampa mgonjwa kitu usichopaswa kumpa. Usilipe kutoka mfukoni mwako ukanyamaza, na usimtafute wa kukuzibia kimya kimya. Njoo kwangu kwanza, au andika. Nitakuuliza maswali mengi, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa, na nambari sitaiuliza. Ochieng' alikuwa na haki ya kuogopa, maana Mama Njeri angeweza kumfuta. Mimi siwezi. Kuwa mtoto wangu si kazi niliyokuajiri.

Nasikia sauti zenu nje, na ya shangazi yako pia. Amewasindikiza mpaka huku.

Baba yako